Kasha la Dola Mbili

Nililinunua kwenye mnada wa uani, mtaa wa juu ya reli,
kati ya pasi mbovu na sahani za Krismasi.
Kasha la bati, kifuniko kimebonyea.
"Lilikuwa la baba, Harlan Beiler," binti yake aliniambia,
"sisi tuliobaki hakuna anayevua."
Akapokea dola mbili, akamgeukia mteja wa pasi.

Ndani, nzi wa manyoya sitini na wanne. Niliwahesabu
jikoni, zamu ya usiku bado inanivuma masikioni,
sare ya hospitali sijaivua.

Safu ya juu walikaa maharusi:
mabawa ya buluu, vifua vya dhahabu, shingo za tausi,
uzi umelala juu ya uzi bila kosa.
Hakuna hata mmoja aliyewahi kulowa.
Safu ya chini, wamerundikwa kama soksi zilizopoteza wenza,
wale wa rangi ya matope: mmoja kipara,
mwingine chongo, mkia umekatika,
ndoano imenolewa na kunolewa hadi ikawa fupi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Wahenga hawakuvua Juniata mwezi wa Julai,
maji yakiwa ya magotini, maangavu, hayafichi kitu,
na besi wa mdomo mdogo kajibanza kivulini mwa jiwe.
Hanunui. Anatazama tu,
jicho jekundu kama taa ya breki.

Kiangazi chote cha kwanza nilimtupia maharusi.
Jirani yangu Orpha Zook, kainamia maharagwe yake,
alinihesabu nikirudi mikono mitupu.
"Unawapa nini?"
"Buluu."
"Nani kakwambia wanakula buluu? Kageuze jiwe."
Orpha hajashika ufito maishani mwake.

Nikageuza jiwe.
Chini yake kamba wa mtoni, kadiri ya kidole gumba,
rangi ya chai iliyolala,
akafyatuka kinyumenyume, magando juu
kama mtu anayeomba radhi huku anatishia.
Kinyumenyume!
Nyumbani nikafungua kasha, safu ya chini,
na yule kipara akanikodolea macho ya risasi:
chai ile ile, magando mawili ya mkia wa kindi,
ncha ya ndoano imeelekea juu isinase mwambani,
na mwili mzima umesuguliwa na vijino vya msasa.
Samaki baada ya samaki baada ya samaki.

Tangu hapo nalisoma kasha kama ninavyosoma mgonjwa:
si anachosema, bali palipochubuka.
Mweupe wa povu, uso umepondeka: huyu ni wa jioni.
Unamvuta mara moja, chubwi,
kisha unanyamaza hadi viduara vya maji viishe,
hata kama mkono unawasha.
Mweusi mrefu wa manyoya ya sungura: mvua imepiga milimani,
mto umekuwa kahawa ya maziwa,
besi haoni ila kivuli kizito kinachopita.
Wembamba wa kijivu, mfano wa vidagaa, ni wa Septemba.

Mmoja sijamwelewa. Manjano makali,
kama fulana ya mjenzi wa barabara.
Ameng'atwa mara moja tu, lakini vibaya.
Siku gani hiyo, Harlan? Nani alikuwapo?

Jana kipara alikwenda.
Mkupuo, kisha shaba nzima ikaruka hewani ikijipigapiga,
mshipi ukazunguka gogo, ukakatika.
Nikakaa juu ya jiwe nikacheka,
halafu sikucheka.

Leo nimefunga koleo kwenye meza ya jikoni.
Uzi wa kahawia, macho mawili ya risasi,
manyoya niliyochana kwenye mbavu za mbwa wangu.
Saa mbili na nusu, na matusi kadhaa.
Kilichotoka kinafanana na kitu
fundi alichokizibua kwenye bomba la sinki.

Orpha amekigeuzageuza chini ya taa,
miwani puani, bila haraka.
"Kibaya," amesema. "Kibaya kweli."

Nimekiweka safu ya chini.